Uso wa kompyuta ni wa nani?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya uso wa kompyuta. Sisemi juu ya vyuma vilivyomo ndani yake. Nasema juu ya kile kinachoonekana kiooni mashine inapowashwa, kabla mtu hajagusa kitu: picha ya nyuma, rangi, vialama vya mafolda na pipa la taka, saa iliyokaa pembeni chini, na maneno ya kuiamuru mashine ifanye kazi. Wako watakaosema hili ni jambo la mchezo, la vijana wasio na shughuli. Mimi naliona lina historia kwetu, na ndani ya historia hiyo limo swali la nani mwenye ruhusa ya kubadili nini katika kifaa alichokinunua kwa fedha yake.

Tuanze na miaka ambayo hatukuwa na uso wa kutazama. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya hesabu, na aliyeihudumia hakufikiria kuipamba. Baadaye mpango wa kuziingiza hesabu za Serikali katika mashine ulikwenda mrama, fedha za kigeni zikawa zimekwisha tumika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 mashine zikaanza kuingia kwa wingi.

Sina nia ya kuilaumu marufuku ile. Nchi maskini ina haki ya kuhesabu dola zake. Lakini tazameni miaka yenyewe. Mwaka 1973 watafiti wa kampuni ya Xerox kule Palo Alto, California, waliwasha mashine iitwayo Alto, iliyoonyesha picha kiooni na kuongozwa kwa kipanya. Mwaka 1981 kampuni hiyo ikatoa mashine nyingine, Star, ambayo kioo chake kilifananishwa na meza ya ofisini, hapa karatasi, pale folda. Macintosh ya Apple ikafuata Januari 1984, na Windows ya kwanza ya Microsoft ikatoka Novemba 1985. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya uso huu ilichorwa katika miaka ile ile ambayo kwetu kuingiza kompyuta kulihitaji kibali maalumu au hakukuwezekana kabisa. Hatukuwapo mezani ilipochorwa meza.

Na meza waliyoichora ilikuwa ya kwao. Karani wa Marekani ana mafolda yake mbele yake na pipa la taka miguuni. Lakini aliyefanya kazi katika ofisi ya Serikali hapa kwetu anajua kwamba jalada halikai mezani kwa mtu. Linakaa masjala, lina namba, linaombwa, mhudumu analileta likiwa limefungwa kamba, linaandikwa maoni na kurudishwa. Karatasi zilizomo ndani zina namba za folio, na hakuna anayethubutu kuchomoa hata moja akaitupa pipani. Mara nyingine hujiuliza kompyuta ambayo ingebuniwa na karani wa masjala ingekuwa na uso gani. Pengine ingechosha zaidi kuitumia, ila mafaili yanayopotea yangekuwa machache.

Basi mashine zilipofika mikoani zilikuja na sura iliyokwisha kuchorwa, na kwa watu wengi wa Morogoro sura inayokumbukwa ni moja: kilima cha kijani, anga ya buluu na mawingu machache. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na kwa miaka mingi baada ya hapo huwezi kuingia intaneti kafe, wala benki, wala ofisi ya mhasibu wa shule, usikione kilima kile. Wengi walidhani ni picha ya kuchorwa. Si ya kuchorwa. Aliipiga Charles O'Rear, mpiga picha wa Marekani, Januari 1996, akiwa barabarani katika wilaya ya Sonoma, California. Mahali pale palikuwa na shamba la mizabibu. Wadudu waliishambulia mizizi, mizabibu ikang'olewa, mvua zikanyesha na nyasi zikaota. Ule uzuri wote uliotawala vioo vya dunia ulitokana na shamba lililoharibika.

Hapa Kingolwira, ukitoka nje ukatazama kusini, unaiona milima ya Uluguru. Mluguru akitazama kilima kile cha California huuliza kwanza mbona hakina mahindi, wala mgomba, wala nyumba. Kwetu uso wa mlima ni jambo zito. Mwaka 1955 kulitokea ghasia kule Matombo kwa sababu serikali ya kikoloni ilitaka kuubadili kwa amri, watu wachimbe matuta ya ngazi wapende wasipende. Nalitaja hilo kwa kupita tu, lakini anayetaka kuelewa kwa nini watu hukasirikia vitu vidogo wanavyoamriwa na walio mbali, aanzie hapo.

Sasa tuje kwenye steshenari. Kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam, vibanda vya kuchapa barua, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti vimekuwa vingi, na katika kila kibanda kompyuta moja au mbili. Nimeingia katika vibanda hivi kwa miaka mingi nikipeleka kazi zangu, na sikumbuki kuona viwili vyenye sura moja. Huyu kaweka kikosi cha Simba, yule cha Yanga na maneno ya kejeli juu yake. Mwingine kaweka mtoto wake siku ya ubatizo, mwingine kwaya ya usharika wake, mwingine lori alitamanilo. Kijana mmoja aliweka picha ya milima yetu hii hii, aliyoipiga kwa simu asubuhi baada ya mvua, na ninathubutu kusema ilishinda ile ya California.

Kwa nini picha ilibadilishwa na kila mtu, tena mapema hivyo? Kwa sababu haikuhitaji kumwomba mtu. Unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua, imekwisha. Hakuna mtihani wala cheti. Kijana ambaye hajui kupanga majedwali anajua kubadili picha, na siku alipoibadili ndipo alipoacha kuiogopa mashine.

Ndiyo maana ninashangazwa na walioona kwamba hapo ndipo pa kumbana. Mwezi Agosti 2008 Microsoft ilianza kuzishughulikia Windows XP zisizo na leseni kwa njia ya ajabu: kila baada ya saa moja picha ya mwenye mashine iliondolewa, kioo kikawa cheusi. Kule China kulizuka kelele kubwa mwezi Oktoba mwaka huo. Hapa kwetu hakukuwa na maandamano, lakini mafundi walipata kazi, maana Windows nyingi zilizopigwa katika steshenari zetu hazikuwa na leseni. Mwenye duka alinunua mashine iliyotumika, fundi akapiga Windows kutoka kwenye CD yake, na leseni yenyewe hakuna aliyeitaja. Mwaka 2009 ikaja Windows 7, na pamoja nayo toleo dogo liitwalo Starter, la kuwekwa katika kompyuta ndogo za bei nafuu. Toleo hilo lilikuwa halali kabisa, limelipiwa, ila mwenye nalo hakuruhusiwa kubadili picha ya nyuma. Nasema tena: aliyelipa fedha kidogo aliuziwa mashine ambayo hawezi kuweka picha ya mwanawe.

Kumkataza mwizi ni jambo moja, na sitamtetea. Lakini huyu wa Starter alikuwa ameiba nini?

Katika Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, mashine isiyo na leseni ilifungiwa ukurasa wa mapambo, na pembeni chini yakaja maandishi hafifu ya kumtaka mtu ailipie. Vijana wa steshenari hawakukaa wiki mbili kabla ya kugundua kwamba ukiifungua picha yenyewe, ukabonyeza kitufe cha kulia juu yake, unaweza kuiweka vile vile. Yale maandishi hafifu yakabaki pembeni, juu ya jezi ya Yanga.

Hiyo ndiyo picha. Maneno yana kisa kingine, na hapa ndipo roho yangu inapouma.

Mtu akisema kwamba kompyuta haikuwahi kusema Kiswahili, mwambieni hajui. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, walitoa programu iliyoitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa ya bure, ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, na amri zake zilikuwa kwa lugha yetu. Mradi wenyewe waliuita Kilinux. Mwaka huo huo Microsoft nayo ikatangaza kwamba itaweka Kiswahili katika bidhaa zake, na wataalamu wa lugha wakakusanya istilahi zipatazo 3,000. Kilichotoka kilikuwa kama kanga iliyofungwa juu ya gauni: Windows XP yenyewe ilibaki ya Kiingereza chini, na Kiswahili kikapachikwa juu katika sehemu zinazoonekana zaidi. Hakikuuzwa, mtu alijichukulia bure.

Kazi ya maneno haikuwa rahisi. Kompyuta yenyewe ilikuwa imepitia majina. Kulikuwa na pendekezo la kuiita ngamizi, na mtu yeyote anayejua kungamia ni nini alicheka. Kenya wakashika tarakilishi. Sisi tukabaki na kompyuta, na naona tulifanya vizuri. Kile kidude cha mkononi wengine walisema kipanya, wengine puku. Kile kioo cha mbele, ile meza ya Xerox, kikaitwa eneo-kazi, jina ambalo sijapata kulisikia likitoka kinywani mwa mtu anayefanya kazi kwenye kompyuta. Lakini hariri, zana, dirisha, msaada, haya yana kosa gani? Ni maneno mazuri, mafupi, na mtoto wa darasa la tatu anayaelewa.

Kulikuwa pia na dosari ndogo iliyowaudhi wengi. Mtanzania aliyetafuta lugha yake katika orodha ya Windows aliikuta imeandikwa Kiswahili, na kwenye mabano Kenya. Katika Linux nchi zote mbili ziliorodheshwa, kila moja na mpangilio wake. Sina ugomvi na jirani zetu, ila nchi iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 ilistahili japo mstari wake.

Hata hivyo sidhani kwamba mabano yale wala eneo-kazi ndivyo vilivyokifanya Kiswahili kisienee katika kompyuta. Nimekaa nikiwatazama wanaofundishana. Aliyejua husimama nyuma ya asiyejua na kusema: "Nenda File, halafu Save As." Mwanafunzi hasomi neno, anashika mahali lilipo na sauti yake, kama mtu anavyoshika njia ya kwenda kisimani. Ukimbadilishia maneno, hata kwa lugha ya mama yake, umemhamishia kisima. Na mashine ya steshenari haitumiwi na mtu mmoja. Anashika huyu asubuhi, yule jioni, na fundi akija kuitengeneza anataka kukuta kila kitu pale alipokiacha katika mashine nyingine mia moja. Zaidi ya hayo, shule zetu za sekondari hufundisha na kutahini somo la kompyuta kwa Kiingereza. Mzazi anayelipa ada hawezi kufurahia kumwona mwanawe amejifunza umbizo na kabrasha, halafu chumba cha mtihani kikamwuliza kwa maneno mengine.

Kwa hiyo waliofanya kazi ile Mlimani hawakushindwa. Walitengeneza chombo kizuri, lakini wenye kupanga mitihani na wenye kununua kompyuta za ofisi za umma hawakukichukua. Kama mwaka 2005 shule kumi tu zingefundishwa kwa Jambo tangu siku ya kwanza, kabla ya vidole kushika njia nyingine, leo tungekuwa na watu wazima wenye miaka 30 na kitu wanaosema hifadhi badala ya sevu. Nafasi ile ilikuwapo kwa muda mfupi, kwa sababu watu walikuwa bado hawajazoea chochote.

Siku hizi Kiswahili kimo katika simu, na wengi wanakitumia humo bila kujua kwamba kuna watu walikesha kukipanga. Simu ni ya mtu mmoja, naye huichagulia lugha aipendayo.

Limebaki jambo la saa. Kompyuta ya steshenari husema 14:00, nasi husema saa nane. Sijapata kuona mahali katika Windows pa kuiambia mashine ianze kuhesabu jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi pwani yote hii na bara. Juzi nilimwuliza kijana mmoja hapa Kingolwira, ambaye alikuwa ameniambia, "Mzee, kazi yako njoo uichukue saa nane," kama angependa kioo chake kisome hivyo. Akafikiri kidogo, akasema hapana. Mashine yake ya risiti za kodi inatoa saa ya kizungu, na mbili hizo zikipishana, afisa wa mapato akija hatataka kusikia habari za jua.