Azimio au nia?

Januari ikiingia, kila mtu ana maazimio: kupunguza tumbo, kuweka akiba, kuacha sigara. Azimio ni neno la kikao. Chama hukaa, kikajadili, kikapitisha. Azimio la Arusha lilitangazwa hivyo Februari 1967. Mtu mmoja na daftari lake jipya hana kikao wala katibu wa kumkumbusha. (Wanaoandika “nimeazima kuacha sigara” pengine wanasema kweli bila kujua: kuazima ni kuchukua cha mtu kwa muda.)

Mimi naona nia inafaa zaidi. Waislamu wa Pwani, wengi wao wa madhehebu ya Shafii, hutia nia ya kufunga Ramadhani kila usiku kabla ya alfajiri; ya jana haitoshi kwa kesho. Wengine huitamka kwa pamoja msikitini baada ya tarawehe, wengine nyumbani wakila daku. Aliyefungua leo kwa homa, akipona hutia nia tena usiku, na siku aliyoikosa atailipa baadaye. Kwa hiyo mwenye kutaka akiba atie nia usiku huu: kesho shilingi elfu moja, kabla ya kununua vocha.