Raul Solnado na Vita vya Kuchekesha

Sijafika Lisbon, wala sikupata kumwona Raul Solnado kwa macho yangu. Nilimsikia kwa mara ya kwanza mwaka 1996, katika kaseti iliyochakaa, barazani kwa rafiki yangu mmoja pale Mtwara. Rafiki huyo ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alisoma kwa wamisionari kabla ya kuvuka mto na kujiunga na wapiganaji wa Frelimo, na Kireno hakikumtoka kichwani. Alikuwa akisimamisha kaseti kila baada ya sentensi mbili tatu ili anitafsirie. Aghalabu alicheka yeye kwanza, nami nikangoja zamu yangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiokota habari za mchekeshaji huyu kila nilipoweza, na nimeona niziandike hapa, kwa sababu zilinigusa mahali ambapo sikutaka kuguswa.

Solnado alizaliwa Lisbon tarehe 19 Oktoba 1929, katika mtaa wa Madragoa, mtaa wa watu wa kawaida. Mwaka 1947 alijiunga na waigizaji wa ridhaa katika chama cha Guilherme Cossoul, na miaka mitano baadaye akaanza kuishi kwa kazi hiyo. Shule yake kubwa ilikuwa ile michezo ambayo Wareno huiita revista, yaani jioni nzima ya nyimbo, ngoma na vichekesho vifupi vifupi juu ya mambo ya mjini. Watu waliipenda kwa kuwa mle ndani, kwa mafumbo, waliweza kusikia yale ambayo magazeti hayakuthubutu kuyachapa.

Msomaji kijana lazima akumbuke kwamba Ureno ya wakati ule ilikuwa chini ya Salazar, aliyeshika uwaziri mkuu kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Hapakuwa na tamthilia iliyopanda jukwaani kabla maneno yake hayajasomwa na wakaguzi wa serikali, ambao kalamu yao ya bluu ilikuwa mashuhuri nchi nzima. Hata wakishayapitisha maandishi, walikuja kukaa na kutazama zoezi la mwisho, maana walijua fika kwamba mwigizaji hodari anaweza kusema neno lililoruhusiwa kwa sauti isiyoruhusiwa.

Mwaka 1961 vita vilianza Angola. Vijana wa Kireno wakapakiwa melini kwenda kupigana katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona hata kwenye picha. Mwaka huohuo Solnado alisimama jukwaani akasimulia jinsi alivyokwenda kupigana katika vita vya mwaka 1908. Anafika vitani saa moja asubuhi, anakuta bado pamefungwa. Anangoja nje, kama mtu anayesubiri duka lifunguliwe. Katika kipande kingine anampigia adui simu, wakazungumza kwa adabu kama majirani wawili wenye shauri dogo la kumaliza. Mwaka 1962 masimulizi hayo yalitolewa katika santuri, nayo ikanunuliwa mno. Asili ya kichekesho ni ya Mhispania, Miguel Gila, ambaye mwenyewe alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na aliyesimulia kwamba aliwahi kupangwa mstari na kupigwa risasi pamoja na wenzake, akaokoka kwa sababu wapigaji walikuwa wamelewa. Mtu wa namna hiyo akifanyia vita mzaha, huwezi kumwambia kwamba havijui.

Sasa, wakaguzi waliruhusuje? Mwaka 1908 ndio uliowafumba macho, au ndio uliowapa kisingizio cha kufumba. Angola haikutajwa, mweusi hakutajwa, Salazar hakutajwa. Wapo watakaosema kwamba kicheko cha aina hiyo ni dawa ya usingizi: watu wanacheka usiku, kesho wanamsindikiza mtoto bandarini. Nami kwa muda niliegemea huko. Niliona kwamba mtu aliyeruhusiwa na dhalimu hakuwa na jambo la maana la kusema.

Lakini ni nani aliyekuwa akitoa hukumu hiyo? Mimi, ambaye niliwahi kushika kalamu ya bluu.

Ilikuwa mwaka 1984, nikiwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Ilikuwa miaka ya dhiki, kila mtu anakumbuka. Chakula cha wanachuo kilikuwa ugali na maharage, na maharage yenyewe yalikuwa na wadudu. Tulitegemea wageni kutoka mkoani, na wanachuo wakaandaa igizo. Katika igizo hilo kijana mmoja, mwembamba, mwenye uso usiotikisika, alicheza mtunza ghala. Alifungua gunia, akawasalimu wadudu mmoja mmoja kwa heshima zote, akawauliza habari za safari, akaomba radhi kwamba maharage yamepungua, akawaahidi kuandika barua kwa ngazi za juu. Katika zoezi la mwisho nilicheka hadi nikatoa leso. Kisha nikalikata igizo zima. Tena nikampa yule kijana adhabu ya kung'oa visiki kwa wiki mbili, kwa kosa la kukidhalilisha chuo.

Sikwenda ghalani. Hilo ndilo linaloniuma. Kijana alikuwa amesema maharage yamepungua, nami nikashughulika na kijana. Miezi michache baadaye hesabu zilipofanywa, magunia mengi hayakuwepo.

Kwa hiyo siwezi tena kusema kwamba kichekesho hakisemi kitu. Pengine kinasema, na anayesikia vizuri kuliko wote ni yule anayekipiga marufuku. Wakaguzi wa Lisbon ama hawakusikia, ama walisikia wakacheka kama nilivyocheka mimi, wakaona haya kukiri walichokuwa wakikicheka.

Mwenendo wa Solnado baadaye unanipa sababu ya kuamini kwamba yeye alijua alichokuwa akifanya. Mwaka 1962 alicheza katika filamu ya Dom Roberto ya Ernesto de Sousa, iliyotengenezwa kwa fedha za ushirika wa watazamaji wenyewe. Humo yeye ni fukara anayezunguka mitaani na vikaragosi, akishirikiana na msichana fukara mwenzake kibanda kinachongoja kubomolewa. Filamu hiyo ilitambuliwa katika tamasha la Cannes mwaka 1963, lakini mtengenezaji wake alikamatwa na polisi wa siri, PIDE, alipokuwa akijiandaa kwenda huko. Mwaka 1965 Solnado alifungua jumba lake la michezo, Teatro Villaret, kwa igizo lililotokana na Mkaguzi Mkuu wa Serikali la Gogol. Mtu anayeishi chini ya wakaguzi akaanza kwa kumcheka mkaguzi! Napenda kudhani kwamba alitabasamu kidogo alipolichagua.

Mwaka 1969, Salazar akiwa ameshaondoka madarakani kwa ugonjwa na Marcelo Caetano akiwa amelegeza kamba kidogo, Solnado na wenzake wawili, Fialho Gouveia na Carlos Cruz, walianzisha kipindi cha televisheni kilichoitwa Zip-Zip. Kilirekodiwa humohumo Villaret mbele ya watu, kikaonyeshwa Jumatatu. Kilidumu kuanzia Mei hadi Desemba tu, na wakaguzi hawakuacha kukinyemelea, lakini nchi nzima ilikaa kukitazama, kwa kuwa watu walikuwa wakizungumza humo kama watu.

Utawala ule uliangushwa na wanajeshi wake wenyewe tarehe 25 Aprili 1974, wakiwa wamechoka na vita ambavyo havikuwa vya kuchekesha. Mwaka 1987 Solnado, mchekeshaji, alicheza bila mzaha katika filamu ya José Fonseca e Costa iliyotokana na riwaya ya José Cardoso Pires, Balada da Praia dos Cães. Alikuwa mpelelezi Elias, anayechunguza mauaji ya ofisa wa jeshi aliyekuwa mpinzani wa Salazar. Uso ambao taifa zima lilikuwa limeuzoea kwa vicheko ukawa uso wa mtumishi wa dola ile ile.

Katika uzee wake alijitoa sana kwa Casa do Artista, nyumba ya kutunzia wasanii wazee iliyofunguliwa Lisbon mwaka 1999, ambayo yeye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Alifariki tarehe 8 Agosti 2009, akiwa na miaka 79.

Nimrudie rafiki yangu wa Mtwara. Jioni ile tulifika kwenye kipande cha simu. Aliniambia kinachosemwa, nikacheka, lakini safari hii yeye hakucheka. Aliirudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena mpaka mwisho, kisha akazima redio.

"Huyo anayepigiwa simu ndiye mimi, Mwalimu," akasema. "Ila kule kwetu porini simu haikuwepo."

Akaagiza chai.