Kutoka kwa mbung'o wa Handeni hadi kitambi cha mjini: historia ya moto uliojificha ndani ya mafuta

Mjini kitambi kinasomwa kama salio la benki. Jamaa akianza kujaza shati, washkaji wanamwambia "naona mambo yako safi". Akikonda, anaulizwa kama anaumwa au maisha yamempiga. Ndivyo watu walivyozoea: mnene yuko fresh, mwembamba ana shida.

Sasa sikia hii. Moja ya vitu vinavyofanya kitambi kilete kisukari, wanasayansi walikifikia kwa kumfuatilia ng'ombe aliyekonda hadi kufa. Na ng'ombe wa namna hiyo, wazee wa Handeni hawahitaji kuhadithiwa.

Uzigua na mdudu wake

Ukitoka Dar kwenda Arusha, ukishapita Mkata unaingia Segera, halafu Korogwe. Pori unaloliona dirishani lina historia nzito. Zamani Wazigua walifuga ng'ombe humo. Mbung'o, ambaye wengine wanamwita ndorobo, alikuwepo, ila watu walijua kumdhibiti. Walilima, walichoma nyasi, walichunga, na pori likakosa kivuli cha kumficha mdudu.

Halafu miaka ya 1890 ikaja na balaa lake. Wajerumani walikuwa wameshaitwaa pwani. Sotoka ikafyeka ng'ombe karibu Afrika Mashariki nzima. Kati ya 1894 na 1896 njaa ikapiga Uzigua, watu wakafa na wengine wakahama. Mashamba yakarudi kuwa vichaka, na kwenye vichaka mbung'o akarudi. Mwanahistoria James Giblin aliichimba habari hii katika kitabu chake cha 1992 kuhusu mazingira ya kaskazini mashariki mwa Tanzania. Hoja yake ni kwamba mdudu hakushinda kwa nguvu zake. Alishinda kwa sababu watu walivurugiwa maisha yao.

Ng'ombe aliyeambukizwa na mbung'o hafi ghafla. Anakonda taratibu, mbavu zinahesabika, na hata akiwekewa majani hanenepi. Kwa wafugaji hilo lilikuwa jambo la kawaida. Swali la kwa nini anakonda hivyo lilisubiri karibu miaka mia.

Damu iliyojaa mafuta

Mmarekani Anthony Cerami, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, alikutana na ugonjwa huu Kenya miaka ya 1970. Kilichomshangaza ni kwamba mnyama anaweza kuwa na vimelea vichache tu kwenye damu, na bado anaisha kama mshumaa. Ikaonekana vimelea peke yao hawatoshi kuwa sababu.

Maabara yake ikawapima sungura walioambukizwa. Walikuwa wamekonda, lakini damu yao ilikuwa imejaa mafuta. Maana yake mafuta yalikuwepo, ila seli za kuyahifadhi zilikuwa zimegoma kuyapokea. Na amri ya kugoma ilitoka kwenye mwili wenyewe. Askari wa kinga walikuwa wanamwaga protini fulani wakiwa vitani, na hiyo protini ndiyo iliyofunga maghala.

Mwaka 1985 kijana wa maabara hiyo, Bruce Beutler, akiwa na miaka 27 tu, aliisafisha protini hiyo. Wakaiita kakektini, jina linalotokana na neno la kukonda. Kumbe ilikuwa na jina tayari! Ilikuwa ni TNF, ileile ambayo wenzao walishaitaja mwaka 1975 kwa uwezo wake wa kuua uvimbe wa saratani kwenye panya. (Huyo Beutler baadaye, 2011, alipata Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi mwingine wa mambo ya kinga.)

Mwili unapovamiwa, kinga inawasha moto ili imchome adui. Wataalamu wanauita inflamesheni. TNF ni mmoja wa wapiga filimbi wa vita hiyo. Ndiyo maana mtu wa Korogwe akipata malaria kali anatetemeka na kuchemka: TNF ni sehemu ya ile homa. Vita ikiisha, moto unatakiwa uzimwe.

1993: moto waonekana kwa wanene

Hapa ndipo stori inapogeuka. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, wakiwa Boston, walichunguza mafuta ya panya wanene. Hawakuwa na vimelea wala homa. Lakini TNF, ile protini ya wanyama waliokonda, ilikuwa inazalishwa ndani ya mafuta yao! Walipoizuia, insulini ikaanza kufanya kazi vizuri zaidi.

Insulini ni kama mtu anayegonga mlango wa seli ili sukari iingie. Kwa kawaida anagonga, ndani wanasikia, wanafungua. TNF inavuruga mawasiliano ya ndani ya seli, kwa hiyo insulini inagonga na hodi haifiki. Kongosho likiona hivyo linatuma insulini nyingi zaidi. Huo ndio usugu wa insulini. Mtu anaweza kuishi nao miaka bila dalili yoyote, mpaka kongosho linachoka na sukari inapanda.

Mwaka 2003 timu mbili za Marekani zikaonyesha moto unatoka wapi hasa. Seli za mafuta zikijazwa kupita kiasi, zinaelemewa na nyingine zinakufa. Askari wa kinga wanaoitwa makrofeji wanakuja kusafisha, halafu hawaondoki. Kwa mtu mwembamba ni chini ya asilimia 10 ya seli zilizopo kwenye mafuta yake. Kwa watu wanene sana, timu moja ilikadiria wanafika karibu asilimia 40. Kwa hiyo kitambi si gunia la akiba lililotulia. Ni kambi ya jeshi isiyo na adui, na risasi zinapigwa kila siku.

Ila TNF haifanyi haya peke yake. Wagonjwa wa kisukari walipopewa dawa ya kuizuia miaka ya 1990, sukari yao haikushuka kama ilivyotarajiwa. Wapiga filimbi ni wengi, ukimnyamazisha mmoja wengine wanaendelea.

Handeni inapimwa

Wakati haya yakiendelea Marekani, Handeni nayo ilikuwa inapimwa. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na Wajapani wa Profesa Yukio Yamori walipima watu wa makamo Dar es Salaam, Handeni na Monduli, wakarudia 1998. Handeni iliwakilisha watu wa shamba, wanaolima kwa jembe na kutembea kwa miguu. Unene ulikuwa mwingi zaidi Dar, hasa kwa wanawake.

Nchi nzima nayo ilikuwa inabadilika. Mwaka 1989 Dk. Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Kisukari kilikuwa kwa takribani mtu 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64 na kukuta asilimia 9.1. Umri na vipimo havifanani, kwa hiyo namba hizi hazilingani moja kwa moja. Lakini hata ukizipunguza, mlima unauona.

Upande wa pili, kati ya 2003 na 2008 malaria ilishuka sana vijijini Korogwe, na mwaka 2009 Korogwe ikawa moja ya sehemu zilizofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Maadui wa kale wanapungua, lakini silaha tulizorithi ziko palepale. Leo mtu anapanda boda kwenda duka la tatu, anakula chipsi mayai saa nne usiku na soda pembeni, na moto uliowekwa kwa ajili ya vimelea unawaka kwenye mafuta ya tumboni.

Habari njema ni kwamba msuli unaofanya kazi una mlango wake wa uani. Ukitembea, ukilima au ukicheza mpira, msuli unavuta sukari hata kama hodi ya insulini haisikiki vizuri. Babu wa Handeni aliyetembea kilomita kumi kwenda shambani hakujua lolote kuhusu TNF, lakini miguu yake ilikuwa inamlinda.

Kwa hiyo mshkaji akisifiwa kitambi, mwache acheke. Halafu mwambie apite kituo cha afya akapime sukari. Ni tone moja la damu kwenye kidole, na majibu anayapata kabla hajakaa vizuri kwenye benchi.