Saa ya kwanza ya otomatiki ya kupigia mbizi: mwongozo kwa msafiri anayenunua Dubai

Dubai ni kituo kikubwa cha wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lubumbashi wanaofuata vipuri, nguo, simu na vyombo vya nyumbani. Mzigo ukishafungwa na kukabidhiwa kwa wakala, mara nyingi hubaki nusu siku na dirham kadhaa mfukoni. Ndipo baadhi yao huingia madukani Deira au Bur Dubai kutafuta kitu cha kujinunulia wenyewe, na saa ya mkononi ni miongoni mwa vitu hivyo.

Saa ya otomatiki ya wapiga mbizi huvutia kwa sababu ni imara, haihitaji betri na inaweza kuvaliwa kazini na baharini. Hata hivyo, ni bidhaa ambayo mnunuzi mgeni hudanganyika kirahisi. Kosa moja dukani linaweza kumgharimu mara tatu: bei, dhamana, na ushuru akifika nyumbani. Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ya kuzingatia kabla ya kulipa.

SAA YA OTOMATIKI NI NINI

Saa ya otomatiki huendeshwa na kamani, yaani springi iliyokunjwa ndani yake. Kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara huzunguka kila mvaaji anapotikisa mkono, na mzunguko huo huitia saa ufunguo. Rolex ilianza kuuza saa zake za Perpetual zenye mfumo huo mwaka 1931. Saa mbili zilizoweka sura ya saa ya kisasa ya mzamiaji, Fifty Fathoms ya Blancpain na Submariner ya Rolex, ni za mwaka 1953. Seiko ya Japani ilitoa saa yake ya kwanza ya kupigia mbizi mwaka 1965, na tangu hapo saa za Kijapani ndizo zilizowafungulia mlango wanunuzi wa kipato cha kati.

Mnunuzi wa mara ya kwanza aelewe jambo moja mapema: saa ya otomatiki haina usahihi wa saa ya betri. Saa ya kawaida ya betri hupotoka kwa sekunde 15 hivi kwa mwezi. Mashine ya 4R36, iliyomo katika saa nyingi za Seiko za ngazi ya kuanzia, inaruhusiwa na mtengenezaji kwenda mbele hadi sekunde 45 au kurudi nyuma hadi sekunde 35 kwa siku. Kwa vitendo nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo, lakini saa inayokwenda mbele kwa sekunde 20 kila siku itakuwa imezidi kwa dakika 10 baada ya mwezi mmoja. Hiyo si saa mbovu. Anayetaka usahihi zaidi huangalia saa za Uswisi zenye cheti cha COSC, ambacho kigezo chake ni kati ya sekunde 4 nyuma na sekunde 6 mbele kwa siku, lakini bei yake iko ngazi nyingine.

Akiba ya nguvu nayo ina mipaka. Mashine hiyo ya 4R36 hudumu kwa saa 41 hivi ikiwa imejaa. Ikivuliwa Ijumaa saa 2 usiku, itasimama Jumapili kama saa 7 mchana. Mwenye nayo huitia ufunguo kwa mkono, hurekebisha majira na kuivaa tena.

MAANDISHI YALIYO USONI MWA SAA

Si kila saa yenye pete ya kuzungusha ni saa ya mzamiaji. Kiwango cha kimataifa kinachotawala jambo hili ni ISO 6425, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1996 na 2018. Kiwango hicho kinataka saa ihimili kina kisichopungua mita 100, na ijaribiwe kwa shinikizo linalozidi kwa asilimia 25 lile la kina kilichoandikwa. Kinataka pia majira yasomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na kuwe na alama inayoonyesha kwamba saa inatembea. Kila saa hujaribiwa, si sampuli tu.

Kwa hiyo tofauti ya maneno machache ina uzito. Saa iliyoandikwa "Diver's 200m" inadai kutimiza kiwango hicho. Iliyoandikwa "Water Resistant 200m" huzuia maji, lakini haidai kuwa chombo cha mzamiaji. Mfano wa karibu ni mfululizo wa Seiko 5 Sports uliotoka mwaka 2019. Sura yake ni ya saa ya mbizi, pete inazunguka, lakini uwezo wake ni mita 100 na haikutengenezwa kwa ajili ya kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Ni saa nzuri ya kuvaa mjini na kuogelea. Muuzaji akiiuza kama saa ya mzamiaji, mnunuzi anayekwenda kuzamia Pemba, Mafia au Watamu atakuwa amenunua kitu kingine.

Pete ya nje ya saa ya mzamiaji huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa akrabu. Mzamiaji huweka alama ya pembetatu mkabala na akrabu ya dakika anapoanza kushuka, kisha husoma dakika alizokaa chini. Pete ikigongwa kwa bahati mbaya itaonyesha muda mrefu kuliko ule wa kweli, na mzamiaji atapanda mapema badala ya kuchelewa. Siku hizi wazamiaji wengi hutegemea kompyuta ya mkononi, na saa hubaki kuwa kinga ya pili.

AINA ZA KUANZIA

Katika ngazi ya chini ya dola 600 za Marekani majina matatu hutajwa zaidi, yote ya Japani. Seiko ina familia ya Prospex, ikiwamo ile inayoitwa "Turtle", ya mita 200. Citizen ina Promaster NY0040, nayo ya mita 200, ambayo kitufe chake cha majira kiko upande wa kushoto ili kisichome mkono. Orient, ambayo ni sehemu ya Seiko Epson, ina Mako na Kamasu. Anayeweza kuongeza fedha hukutana na saa za Uswisi kama Seastar 1000 ya Tissot, ya mita 300, yenye mashine ya Powermatic 80 inayodumu saa 80.

Seiko SKX007, iliyoanza mwaka 1996 na kuwa saa ya kwanza ya watu wengi duniani, haitengenezwi tena. Inayouzwa leo ikidaiwa kuwa mpya ni ya akiba ya zamani, au imeunganishwa kwa vipuri visivyo vya kiwandani. Inahitaji mnunuzi mwenye uzoefu.

Wauzaji wa Ghuba pia hupenda kutoza zaidi kwa saa iliyoandikwa "Made in Japan". Baadhi ya aina za Seiko hutoka viwanda tofauti huku mashine na uwezo wa kuzuia maji vikiwa sawa. Tofauti hiyo ni ya maandishi kuliko ya kazi, na mnunuzi asikubali kuilipia sana. Saa zilizolengwa soko la Ghuba zinaweza kuwa na siku za juma kwa Kiingereza na Kiarabu. Hilo ni jambo la kawaida na si dalili ya bandia.

UKAGUZI KABLA YA KULIPA

Mnunuzi anashauriwa kuomba saa itolewe kwenye kabati na kuikagua kwenye mwanga mzuri:

- Akrabu ya sekunde itembee kwa mfululizo laini. Ikiruka mara moja kwa kila sekunde, ndani kuna mashine ya betri.
- Pete izunguke upande mmoja, isilegee, na pembetatu ikae sawa na alama ya saa 12.
- Kitufe cha majira cha saa ya mzamiaji kwa kawaida hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Kishike nyuzi zake bila kukwama.
- Namba ya mfuniko wa nyuma ilingane na iliyo kwenye kadi. Kwa saa nyingi za Seiko, tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo ni ya mwisho ya mwaka na ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa 0, Novemba N na Desemba D. Saa yenye namba inayoanza na 35 ilitengenezwa Mei ya mwaka unaoishia na 3.
- Saa kuukuu zilizopakwa uso mpya huonekana safi kupita kiasi: uso unang'aa, lakini mfuniko umechakaa.

Tarehe isijaribiwe kwa mkono wakati saa yenyewe inasoma kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, kwa kuwa meno ya kalenda huwa yamekwisha kukamatana na yanaweza kuvunjika. Akrabu zisogezwe kwanza hadi nje ya muda huo.

BEI, RISITI NA KODI YA DUBAI

Dirham imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725, hivyo hesabu ni rahisi. Saa ya dirham 1,000 ni dola 272 hivi. Anayelipa kwa kadi achague kutozwa kwa dirham. Mashine ikimpa chaguo la kulipa kwa shilingi au dola, kiwango kinachotumika kwa kawaida huwa kibaya zaidi.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 tarehe 1 Januari 2018, na mwezi Novemba mwaka huo ukaanza kuwarejeshea watalii. Masharti makuu ni haya: duka liwe limejiunga na mpango, ununuzi usipungue dirham 250, mnunuzi aonyeshe pasipoti, na bidhaa itoke nchini ndani ya siku 90. Uthibitisho hufanyika uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mizigo, na saa iwe mkononi endapo afisa ataitaka.

Mpango ulipoanza mwaka 2018, marejesho yalikuwa asilimia 85 ya kodi, ukitoa ada ya dirham 4.80. Kwa saa ya dirham 1,000 kodi iliyomo ni dirham 47.62. Asilimia 85 yake ni 40.48, na baada ya ada hubaki dirham 35.68, sawa na dola 9.70 hivi. Kwa maneno mengine msafiri hurejeshewa chini ya asilimia 4 ya bei. Faida kubwa iko kwenye kupatana bei, si kwenye kodi.

Hapo ndipo ofa ya "bila risiti" inapoingia. Muuzaji akipunguza asilimia 5 kwa sharti la kutotoa risiti, kwenye karatasi mnunuzi anapata nafuu ya asilimia 1.4 kuliko marejesho. Lakini anapoteza dhamana, haki ya kulalamika na ushahidi wa thamani mbele ya forodha. Kwa tofauti ya dola nne hivi, hiyo si biashara. Risiti halali huwa na jina la duka na namba ya usajili wa kodi yenye tarakimu 15.

Kadi ya dhamana nayo igongwe muhuri, iandikwe tarehe na namba ya saa papo hapo. Muhimu zaidi ni kuuliza kama dhamana ni ya kimataifa au ya duka tu. Maduka mengi huuza saa halisi zilizopita nje ya mawakala rasmi. Saa hizo huwa rahisi, lakini dhamana yake huishia mlangoni mwa duka. Kwa mtu anayeishi Mwanza au Bujumbura, dhamana ya namna hiyo ina thamani ndogo, na bei inapaswa kupungua kwa kiasi hicho.

KUFIKA NYUMBANI

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa vitu binafsi vya msafiri hadi kikomo kilichowekwa kwa dola. Kwa kuwa viwango hubadilishwa na mwaka wa fedha huanza Julai, msafiri aulize mamlaka ya mapato ya nchi yake kabla ya kuondoka.

Kinachozidi msamaha hulipiwa. Bidhaa ikiangukia kundi la ushuru wa asilimia 25, kila dola 100 za thamani huongezewa ushuru wa dola 25, kisha kodi ya ongezeko la thamani juu ya 125. Kenya, yenye kiwango cha asilimia 16, jumla ni dola 45. Tanzania Bara, Uganda na Rwanda, zenye asilimia 18, ni dola 47.50, kabla ya tozo nyingine. Nafuu yote ya Dubai inaweza kuishia hapo.

Saa moja iliyovaliwa ni kitu binafsi. Saa 12 za aina moja kwenye begi ni biashara, na zinapaswa kutangazwa hivyo. Saa bandia ni hatari zaidi: Kenya ina sheria mahususi dhidi ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008, na Tanzania kazi hiyo inasimamiwa na Tume ya Ushindani. Mzigo hukamatwa na kuharibiwa bila fidia.

MATUNZO

Saa ikitoka baharini ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kitufe kisifunguliwe ikiwa bado na maji. Mipira ya kuzuia maji huchakaa hata saa isipovaliwa. Kila fundi anapoifungua, mipira ikaguliwe na saa ipimwe shinikizo kabla ya kurudi majini. Fundi asiye na kifaa cha kupimia anaweza kurekebisha mwendo wake vizuri sana, lakini hawezi kuthibitisha mita 200. Saa ikianza ghafla kwenda mbele kwa dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi imeshika sumaku kutoka kwenye spika au simu, na kuiondoa ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye kifaa.

Kwa muhtasari, msafiri ahesabu bei ya mwisho, si ya kabatini: bei baada ya kupatana, toa marejesho ya kodi, ongeza ushuru kama upo, na gharama ya matengenezo ikiwa dhamana haifiki kwao. Jumla hiyo ailinganishe na bei ya wakala wa nyumbani kabla ya kupanda ndege. Tofauti ikiwa ndogo, saa ya nyumbani yenye fundi wa karibu ndiyo rahisi zaidi.