UZI: Bima ya jimbo zima au bima ya karibu na nyumbani? Tuulize Texas

Kila mjadala wa afya ukichacha huku kwetu, kuna watu wawili hawakosi. Wa kwanza anasema bima iwe moja, nchi nzima, manake ugonjwa haujui mpaka wa kaunti. Wa pili anasema tuwachie kaunti na kampuni ndogo zilizo karibu na watu, zishindane, bei itashuka yenyewe. Na wote wawili hupenda kumalizia na "angalieni Marekani". Haya basi, leo tuiangalie. Sitataja mwanasiasa wala chama, cha huko au cha hapa, kwa hivyo mkija kwenye majibu na majina, mtanisamehe nikiwapita.

Tuanze Dallas, Texas, mwaka wa 1929. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor ilikuwa na shida ambayo hospitali zetu zinaijua vizuri: watu wanatibiwa, wanaenda nyumbani, bili inabaki. Msimamizi wake, Justin Ford Kimball, alikuwa amewahi kuongoza shule za jiji hilo. Alipopekua vitabu vya madeni akakuta walimu, watu aliowafahamu. Akawapa pendekezo: kila mwalimu atoe senti 50 za dola kwa mwezi, na akiugua alazwe hadi siku 21 bila kulipa zaidi. Walijiunga zaidi ya 1,000. Kwa lugha yetu hiyo ni chama, tofauti ni kwamba mweka hazina ni hospitali.

Angalia jinsi bima hiyo ilivyokuwa ndogo. Jiji moja, hospitali moja, kazi moja. Hakuna bima ya karibu na nyumbani kuliko hiyo. Lakini uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930, na vitanda vikabaki vitupu kwa sababu watu hawana pesa, hospitali zingine zikaona ile ya Dallas ina pesa inayoingia kila mwezi. Zikaiga. Mwaka wa 1932 hospitali za Sacramento, California, ziliungana kuuza mpango mmoja. Mwaka wa 1934 mpango wa St. Paul, Minnesota, ulianza kuweka msalaba wa buluu kwenye mabango yake (Wakenya wa Minnesota, kumbe historia iko hapo mlangoni kwenu). Majimbo nayo yakaanza kupitisha sheria za kuiruhusu mipango hii bila kuitoza kodi, mradi isifanye biashara ya faida. Ndiyo sababu hadi leo utasikia Blue Cross ya Texas, ya Arizona, ya Florida. Wengi hudhani ni kampuni moja. Sivyo. Ni nyingi, zina nembo moja, na kwa kawaida kila moja ina eneo lake, mara nyingi jimbo zima.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Mipango hiyo ya mwanzo ilitoza bei moja kwa wote walio katika eneo. Kijana wa miaka 25 na mzee wa 60, bei ni ile ile. Kijana alimbeba mzee, akijua naye atabebwa siku moja. Baada ya hapo zikaja kampuni za biashara. Zilifanya hesabu rahisi sana: tafuta kiwanda chenye vijana wenye afya, wapunguzie bei, wachukue wote. Kufikia miaka ya 1950 kampuni hizo zilikuwa na wateja wengi kuliko Blue Cross, na Blue Cross nayo ikalazimika kuanza kupima kundi kwa kundi. Nani alibaki nje? Mzee, mgonjwa, mkulima, fundi anayejiajiri. Wazee walikuja kupata bima ya serikali mwaka wa 1965. Fundi mwenye kisukari alisubiri sana.

Alisubiri hadi sheria ya 2010. Sheria hiyo iliunda soko la bima kwa kila jimbo, likafunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, na bima zenyewe zikaanza kufanya kazi Januari 2014. Ukienda sokoni, kampuni haiwezi kukukataa kwa sababu una ugonjwa. Haiwezi kukutoza zaidi kwa sababu hiyo pia. Mtu mzima mwenye umri mkubwa hatozwi zaidi ya mara tatu ya bei ya kijana. Mwenye kipato kidogo anapewa ruzuku. Kwa maneno mengine, walijaribu kurudisha ule mfuko wa kubebana.

Lakini kampuni ziliachiwa uhuru mmoja mkubwa: kuchagua kaunti za kuuzia. Huo ndio uhuru ambao wenzetu wa "zishindane" hawautaji kamwe.

Turudi Texas. Jimbo lina kaunti 254. Blue Cross Blue Shield of Texas ndiyo kampuni inayojulikana kwa kuuza kila mahali. Upande mwingine, soko lilipofunguliwa, kulikuwa na kampuni kama Scott & White Health Plan, yenye makao Temple, iliyouza sehemu ya kati ya jimbo tu, na mwenyewe ni hospitali. Na ni nani aliungana na hospitali za Scott & White mwaka wa 2013? Baylor. Ile ile ya walimu na senti 50. Hospitali iliyozaa wazo lililogeuka kuwa bima ya jimbo zima, miaka 84 baadaye ikajikuta nyumba moja na bima ya mkoa inayoshindana na mtoto wake. Historia ya bima haina aibu.

Ipi bora? Ukiishi Temple, na daktari wako yuko katika hospitali hizo, bima ya mkoa ina mantiki. Bima na hospitali ni watu wa nyumba moja, hakuna kuvutana kila mwezi kuhusu nani alipe nini, na daktari wako hawezi kutolewa kwenye orodha kwa urahisi. Shida inaanza ukivuka mpaka. Mtoto akienda chuo El Paso, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo, kadi ya aina hiyo kwa kawaida inalipa dharura tu. Kliniki ya kila mwezi ya pumu? Ni juu yako.

Basi uchukue ya jimbo zima. Si ndiyo? Ngoja kwanza. Mwaka wa 2015 Blue Cross ya Texas ilitangaza kwamba kuanzia 2016 haitauza tena, kwa watu wanaojinunulia bima wenyewe, ile aina inayokuruhusu kwenda kwa daktari yeyote hata nje ya orodha. Iligusa watu 367,000. Kampuni ilisema inakula hasara. Waliobaki walipewa aina ya kufungwa ndani ya orodha, orodha fupi. Yaani kampuni iko jimbo zima, lakini kadi yako haiko jimbo zima. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwenye mabango huandikwa kama jambo moja.

Hata sisi tunayajua. Bima yetu ya taifa ilianza 1966 kama NHIF, na tangu Oktoba 2024 kazi hiyo iko chini ya SHA. Makueni ilianzisha mpango wake mwaka wa 2016, shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka, matibabu katika hospitali za kaunti hiyo. Ule wa Makueni uliahidi kidogo, katika eneo dogo, na mtu alijua mlango wa kugonga. Ule wa taifa unaahidi kila mahali, na ukifika kaunta ya hospitali ndipo unaambiwa kama mahali ulipo pamo. Kila upande hapa una hoja, nasema hivyo bila unafiki.

Na msidhani udogo ni kinga. Sheria ile ile ya 2010 ilitoa mikopo kwa kampuni mpya zinazomilikiwa na wanachama wenyewe, kitu karibu na sacco. Zilianza 23. Ile ya Iowa na Nebraska iliweka bei nzuri, ikapata wateja kama 120,000, wengi kuliko ilivyotarajia, na wagonjwa wengi kuliko ilivyoweza kulipia. Serikali kuu ilikuwa imeahidi kuzifidia kampuni zitakazopata hasara miaka ya mwanzo. Hesabu za mwaka wa 2014 zilipofungwa, ililipa senti 12.6 kwa kila dola iliyodaiwa. Kampuni ya Iowa tayari ilikuwa imefungwa. Mahakama ya Juu iliamua mwaka wa 2020, majaji wanane kwa mmoja, kwamba deni lile lilipaswa kulipwa. Kufikia wakati huo sacco nyingi zilikuwa makaburini. Zilizofika 2021 ni tatu.

Kisha kuna Pinal, Arizona. Si jangwa la mbali. Iko kati ya Phoenix na Tucson, kaunti ya watu zaidi ya 370,000. Agosti 2016 kampuni ya mwisho iliyokuwa imebaki kwenye mpango wa mwaka uliofuata, Aetna, ilisema inaondoka. Watu karibu 10,000 walionunua bima sokoni hawakuwa na mtu wa kuwauzia ya 2017. Ruzuku ilikuwepo, ila hakuna duka. Blue Cross ya Arizona, ambayo nayo ilikuwa imepanga kutoka Pinal, ilibadili nia Septemba na kubaki, peke yake. Mwaka huo bei ya bima ya wastani inayotumika kupimia ruzuku Arizona ilipanda kwa 116%. Mwenye ruzuku hakuhisi sana. Aliyezidi kiwango cha ruzuku kwa dola chache alihisi yote.

Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani kesho akasema kampuni zishindane, au kila kaunti iwe na bima yake, mimi nitamuuliza kuhusu Tana River na Turkana. Nani atalazimika kuuza huko, na kwa bei ya nani? Sheria ya Marekani haikuwa imemlazimisha yeyote. Pinal iliokolewa na kampuni moja iliyobadili nia, wiki chache kabla ya soko kufunguliwa.