Umma hauna wingi

Majimoto, mji mdogo wa bonde la Rukwa mkoani Katavi, ulipata jina kwa chemchemi zake za maji ya moto. Ni nchi ya Wapimbwe, lakini tangu miaka ya 1970 Wasukuma wamekuwa wakishuka bondeni na ng'ombe wao, na Msukuma hahami bila ngoma. Kwa desturi yao, mavuno yakishaisha, Bagika na Bagalu hushindana: makundi mawili, uwanja mmoja, wakati mmoja. Dawa, kejeli, nyoka, vichekesho, lolote litakalovuta macho linaruhusiwa. Kundi litakalozungukwa na watu wengi zaidi ndilo mshindi.

Uwanja huo ulinijia akilini nilipokwama kwenye istilahi moja ya Kiingereza, "public", ya wanaochunguza siasa, muziki na vyombo vya habari. Kwa umoja tumezoea kuiita umma, na hatuna shida. Shida ni kwamba wao huitumia kwa wingi. Mmarekani Michael Warner, katika kitabu chake cha 2002, anaieleza hivi: ni watu wasiojuana, wanaokuwa kundi kwa sababu tu kuna sauti inayowasemesha nao wakaitegea sikio. Hawana daftari wala kadi ya uanachama. Sikio likiondoka, kundi limevunjika, kama pale uwanjani watazamaji wanapohamia upande wa pili.

Sasa jaribu kusema "umma hizi". Ulimi unagoma, na si kwa sababu ya ngeli peke yake. Abdulrahman Babu alipoanzisha chama chake Zanzibar mwaka 1963 akakiita Umma, neno lilikuwa na moto. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, likaingia ofisini: mashirika ya umma, mali ya umma, utumishi wa umma. Leo mtu akisikia "umma" huona muhuri. Umma huo upo hata kama hakuna anayesikiliza.

Neno la pili, kadamnasi, lililotoka kwa Waarabu likiwa na maana ya "mbele ya watu", linafaa kwa aibu: mtu huumbuliwa mbele ya kadamnasi. Halifai kwa mengine.

Nachagua hadhira. Hadhira hii, hadhira hizi: wingi wake hauna taabu. Tena mtu hazaliwi na hadhira; huitwa ikaja.

Mfano wangu ni wimbo wa rap "Ndio Mzee" wa Profesa Jay, wa mwaka 2001. Mwanasiasa yuko jukwaani anaahidi yasiyowezekana, na mkutano unaitikia kila ahadi kwa maneno hayo ya jina la wimbo. Hapo kuna hadhira mbili. Ya kwanza iko ndani ya wimbo, inaitikia. Ya pili iko nje, kwenye redio za watu binafsi zilizoanza miaka ya 1990, inaicheka ile ya kwanza, kisha inajitambua ndani yake. Kicheko hicho hakikwisha siku wimbo ulipoacha kupigwa. Kila kampeni iliyofuata ilikikuta kikisubiri. (Mwaka 2015 mwimbaji mwenyewe alipanda jukwaani kuomba kura, akawa mbunge wa Mikumi. Sijui waliomsikiliza waliitikia nini.)

Machi 2017 mambo yakawa wazi zaidi. Msanii Ney wa Mitego alitoa "Wapo", wimbo wa kuikosoa serikali, akakamatwa, na Baraza la Sanaa la Taifa (Basata) likaufungia wimbo. Muda mfupi baadaye Waziri wa Habari, Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, mwimbaji aachiwe na wimbo upigwe. Watu walisifu ruhusa ile. Mimi naona ruhusa ilichelewa: wimbo ulikwisha kuruka kutoka simu hadi simu, na waliokuwa nao walijua kwamba wengine wanao. Serikali iliikuta hadhira imeshakaa.

Mhariri mmoja alinipinga. Hadhira, alisema, ni waliohudhuria. Mchunga ng'ombe wa Majimoto mwenye wimbo kwenye kadi ya simu, peke yake mbugani, amehudhuria wapi? Ana hoja, na kamusi iko upande wake. Lakini mtangazaji wa redio husema "karibu utusikilize" kwa watu asiowaona, nao hujiona wamekaribishwa. Nililiacha neno langu kwenye muswada. Yeye alilipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: umma?