Kerezo la kamusi na lethi ya Keroka

Kamusi zetu zinalo neno kerezo. Ni mashine inayozungusha kipande cha mti au cha chuma ili kisu kikichonge kiwe mviringo. Kitenzi chake ni kukereza. Ni maneno ya pwani, tena ya siku nyingi. Mafundi wa huko walikereza miguu ya vitanda na viti kabla reli haijafika Nairobi. Lakini ingia katika karakana ya chuma Keroka, mji uliokalia mpaka wa Kisii na Nyamira, uulize kerezo liko wapi. Utakodolewa macho. Pale mashine ni lethi, basi.

Ilikuwaje neno likabaki pwani?

Chuma chenyewe hakikuwa kigeni Gusii. Omoturi, ndiye mhunzi, alifua majembe na mikuki kwa mivukuto na nyundo muda mrefu kabla Waingereza hawajaweka boma Kisii mwaka wa 1907. Ila kufua na kukereza ni kazi mbili. Mhunzi hulainisha chuma motoni, na kinachokwenda ni nyundo. Chuma kimetulia juu ya fuawe. Kwenye kerezo chuma ni baridi na ndicho kinachozunguka, kisu kikisogezwa kidogo kidogo. Mhunzi akikosea hurudisha chuma motoni. Mkerezaji akizidisha hata nusu milimita, shafti haishiki tena beringi. Itabidi ijazwe kwa kuchomelewa, ichongwe upya, na hasara ni yake.

Ujuzi huu wa pili, nionavyo mimi, ulipanda milima ya Gusii kwa njia ya reli wala si kwa njia ya Lamu. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, ikaja na karakana zake, mafundi kutoka India na Kiingereza cha mabwana wakubwa. Mashine ikaja na jina lake mkononi. Hakuna aliyekaa kulitafutia jingine.

Na jina si kitu pekee kilichosafiri. Mnamo 1800 hivi, Henry Maudslay wa London aliunda kerezo la kukatia hesi, ile mistari inayozunguka skrubu. Joseph Whitworth, aliyepitia karakana yake, akapendekeza mwaka wa 1841 kipimo kimoja cha hesi chenye pembe ya digrii 55. Kipimo cha milimita tunachokiona kwenye magari ya Japani kina digrii 60. Historia hiyo yote imelala ndani ya boksi la nati pale Keroka: kinu cha zamani cha Uingereza kimelala na pikipiki ya juzi. Nilimuuliza fundi tofauti yake, naye hakutafuta maneno.

“Omogaka, hii threadi ni ya inchi, ile ya milimita. Ukiilazimisha, inakula.”

Inakula! Sijaona kamusi iliyoeleza vizuri zaidi jinsi hesi moja inavyotafuna nyingine.

Tusidhani haya ni mambo madogo. Nyamira ina viwanda vya chai kama Nyankoba, Sanganyi na Kebirigo. Mashine inayokata majani, iliyobuniwa Assam na William McKercher miaka ya 1930, hutegemea rola zenye meno makali. Meno yakiwa butu, jani hupondeka badala ya kukatwa, na chai hupoteza ubora. Rola hizo lazima zikerezwe na kukatwa meno upya, mara kwa mara. Mkulima anayebeba kikapu alfajiri anamtegemea mkerezaji asiyemjua.

Kijana aliyekaa kando ya lethi miaka kumi anaujua ufundi huu kwa mkono, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii. Karatasi ya mtihani wa cheti huandikwa kwa Kiingereza. Pale anaulizwa pembe ya hesi kwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia karakanani, anaanguka, na zabuni inakwenda kwa mwenye cheti.

Simlazimishi fundi aseme kerezo. Wanakamusi waandike lethi kando ya kerezo, na inakula waipe maana hii mpya. Watahini nao wamsimamishe kijana mbele ya mashine, wampe nati mbili zilizochanganyika, wamuulize kwa Kiswahili ipi ni ya 55 na ipi ni ya 60.